Hadithi za Upelelezi: Asili Yake, na Namna ya Kuwafundisha Watoto

Wako wazazi watuulizao sisi walimu, "Kwa nini mwawasomesha watoto wetu hadithi za wevi na wauaji? Je, hakuna habari njema za kusoma?" Swali hili si baya, na mwenye kuliuliza hana budi kujibiwa kwa heshima. Mzazi amemleta mtoto wake shuleni apate akili na adabu, naye akiona kitabu chenye maiti katika ukurasa wa kwanza, moyo wake hushtuka. Basi katika makala hii twataka kueleza hadithi hizi zilitoka wapi, zilikua namna gani, na kwa nini twaona ya kuwa mtoto afundishwaye vema kuzisoma na kuziandika hupata kitu ambacho kijiji chote chakihitaji. Kitu hicho ni desturi ya kupima neno kabla ya kumhukumu mtu.

Hadithi ya upelelezi ni nini? Watoto wetu waijua nusu yake tangu utotoni, maana jioni wamezoea kusikia "Kitendawili!" nao wakaitika "Tega!" Mtegaji ameficha kitu ndani ya maneno machache, msikilizaji apewa sifa za kitu kile, wala jina lake hapewi, akishindwa hutoa mji, kisha huambiwa. Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Ndani yake mna mambo matatu. Kwanza, pana jambo lililofichika, kama mali iliyopotea au mtu aliyeuawa. Pili, pana dalili, yaani alama ndogo ndogo zilizoachwa na jambo lile. Tatu, pana mtu azikusanyaye dalili zile, akazipanga, akaufikia ukweli kwa nguvu ya akili yake. Likikosekana hilo la tatu, hadithi yaweza kuwa ya ajabu au ya kutisha, lakini ya upelelezi siyo.

Mfano wake ni kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, kitabu kijulikanacho sana pwani. Sanduku latolewa katika mto wa Tigri, na ndani yake mna maiti ya mwanamke. Khalifa Harun al-Rashid amwamuru waziri wake Jaafar amtafute mwuaji kwa siku tatu, la sivyo atakufa yeye. Jaafar afanya nini? Akaa nyumbani siku tatu, akihuzunika. Hatimaye mwenye kosa aja mwenyewe na kukiri. Kisa ni kizuri, na siri imo. Lakini hakuna aliyepeleleza. Watu wa zamani walipenda siri kama sisi tuipendavyo, ila mara nyingi walingoja bahati iifunue.

Lakini hata zamani walikuwapo wachache waliotumia njia nyingine. Wasomaji wengi wamesikia habari za Danieli na Susana, na za Danieli na sanamu ya Beli. Habari hizi Makanisa mengine huzihesabu katika Maandiko Matakatifu, na mengine huziweka kando pamoja na vitabu vya mafundisho. Wazee wawili walimshtaki Susana ya kuwa wamemwona na kijana bustanini, na mkutano wote ukasadiki kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake, "Uliwaona chini ya mti gani?" Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mti mwingine. Swali moja dogo likamwokoa mwanamke aliyekuwa akipelekwa kuuawa. Na katika habari ya Beli, makuhani walidai ya kuwa sanamu hula vyakula viwekwavyo mbele yake usiku. Danieli akanyunyiza majivu sakafuni kabla ya mlango kufungwa kwa muhuri, na asubuhi mfalme akaona nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani walikuwa na mlango wa siri chini ya meza. Hapo mwaona upelelezi wa namna mbili, nao ndio upatikanao hata leo: kuwapima mashahidi kwa maneno yao, na kuvipima vitu kwa alama zake.

Kisa kingine cha kale chazunguka Uajemi, Uarabuni na Bara Hindi, nacho chahusu ngamia aliyepotea. Wasafiri wanaulizwa kama wamemwona ngamia, nao wajibu kwa kuuliza, "Je, hakuwa chongo? Hakuwa na pengo la jino? Hakuwa akichechemea?" Mwenye ngamia ashangaa, kisha awashtaki ya kuwa ndio walioiba. Kumbe hawajamwona kamwe. Waliona majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, na vipande vya majani vimeanguka vya kadiri ya pengo la jino, na alama ya mguu mmoja imeburutwa. Habari hii ilichapwa Venice mwaka 1557 katika kitabu cha wana watatu wa mfalme wa Serendib, na Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, akaiga namna yake katika kitabu chake kiitwacho Zadig kilichotoka mwaka 1747. Mwindaji au mchungaji wa kwetu hataistaajabia sana, maana yeye naye husoma nyayo kila siku. Jambo la kuangalia ni hili: wasafiri wale walishtakiwa kwa sababu ya kujua, na waliokoka kwa kueleza walivyojua.

Sasa mtu atauliza, ikiwa akili hii ilikuwapo tangu kale, mbona hadithi hizi hazikuenea mapema? Sababu kubwa ni ya mabarazani. Zamani, katika nchi nyingi, watu walipotaka kumjua mwenye hatia hawakutafuta dalili, walitafuta ishara. Katika nchi za kusini ya Tanganyika na Nyasa mshtakiwa alinyweshwa mwavi. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi alikuwa mchawi. Mahali pengine alishikishwa chuma cha moto. Wala tusidhani ya kuwa mambo haya yalikuwa ya Waafrika peke yao. Ulaya nako mshtakiwa alibebeshwa chuma kilichotiwa motoni, au alitupwa majini amefungwa. Na jeraha likipona vema, au maji yakimpokea, alihesabiwa mwema. Mwaka 1215 Baraza la Laterano liliwakataza mapadre kubariki viapo vya namna hiyo, na polepole vikaachwa. Lakini nchi nyingi za Ulaya zikageukia jambo lingine baya, ndilo kuwatesa watu mpaka wakiri. Mtu mwenye maumivu makali hukiri lo lote, na kukiri kwake hakumwonyeshi mwenye kosa. Desturi hiyo nayo ikaanza kukomeshwa katika karne ya 18.

Basi kiapo kilipoondoka, na mateso yakaondoka, mahakimu walibaki na swali: tutamjuaje mwenye kosa? Jibu likawa moja tu, yaani kwa ushahidi. Ndipo serikali zikaanza kuweka watu wa kazi hiyo. Paris ilipata idara ya wapelelezi mwaka 1812, chini ya Vidocq, mtu ambaye zamani alikuwa mfungwa mwenyewe. London ilipata polisi wake wapya mwaka 1829, na wapelelezi wao mwaka 1842. Hadithi za upelelezi zilizaliwa katika miaka hiyo hiyo, wala si kwa bahati. Watu walikuwa wamejifunza desturi mpya ya kutafuta ukweli, nao wakapenda kuiona katika vitabu.

Wataalamu wengi husema ya kuwa hadithi ya kwanza kamili ya namna hii ni ile aliyoiandika Edgar Allan Poe, mtu wa Marekani, iliyotoka katika gazeti moja la Philadelphia mwaka 1841. Alimtunga mtu aitwaye Dupin, akaaye Paris, maskini mwenye akili kali. Mama na binti wake wameuawa katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Majirani walisikia sauti mbili, moja nzito ya Mfaransa, nyingine nyembamba. Mashahidi waulizwa sauti ile nyembamba ilinena lugha gani. Mwingereza asema ni Kijerumani, naye Kijerumani hakijui. Mhispania asema ni Kiingereza, naye Kiingereza hakijui. Mwitalia asema ni Kirusi, naye hajasema na Mrusi hata siku moja. Kila shahidi atoa ushahidi wa lugha asiyoijua! Polisi waliona fujo tupu. Dupin aliona dalili: sauti ambayo kila mtu adhani ni ya wageni, wala hapana aliyesikia neno moja lenye maana, labda si sauti ya mtu. Na kweli, alikuwa nyani mkubwa wa Borneo aliyemtoroka baharia. Twaomba msomaji asisahau neno moja katika kisa hiki: kabla Dupin hajafumbua fumbo, polisi walikuwa wamekwisha kumtia kifungoni mtu asiye na hatia, karani aliyemletea mama yule fedha zake. Tangu hadithi ya kwanza, basi, upelelezi ulikuwa na kazi mbili: kumpata mwenye kosa, na kumfungua asiye na kosa. Nasi twasema ya pili si ndogo kuliko ya kwanza.

Baada ya Poe walikuja wengi, na mkubwa wao kwa sifa ni Arthur Conan Doyle, daktari, mzaliwa wa Edinburgh. Mwaka 1887 alitoa hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes. Alisema mwenyewe ya kuwa alimtunga kwa kumfikiria mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell, ambaye alizoea kumtazama mgonjwa tu akaeleza kazi yake na mahali alikotoka, kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Katika kisa kimoja kilichotoka mwaka 1892, farasi wa thamani ameibwa usiku. Wote watafuta kilichotokea. Holmes aangalia kisichotokea: mbwa wa zizini hakubweka. Kwa nini? Kwa sababu aliyeingia hakuwa mgeni kwake. Ni somo kubwa kwa mtoto kujua ya kuwa kisichokuwapo nacho chaweza kuwa dalili.

Lakini hadithi ni hadithi, na mzazi aweza kusema, "Hayo ni ya kutungwa." Basi twaleta jambo lililotokea kweli. Katika kijiji cha Great Wyrley, nchini Uingereza, alikuwapo kasisi Shapurji Edalji, mzaliwa wa Bara Hindi, Mparsi aliyeingia dini ya Kikristo. Mkewe alikuwa Mwingereza, na mwana wao George alikuwa mwanasheria. Mwaka 1903 mtu asiyejulikana alianza kuwakatakata farasi na wanyama wengine usiku mashambani. Barua zisizo na jina zikaandikwa zikimtaja George. Rangi yake ilikuwa ngeni pale kijijini, na uvumi ukamwelekea yeye. Akashtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, ijapokuwa mnyama mwingine aliumizwa yeye akiwa amekwisha kukamatwa. Baada ya miaka mitatu alifunguliwa, lakini jina lake halikusafishwa, wala hakuweza kufanya kazi yake ya sheria.

Akamwandikia Conan Doyle. Walipokutana mwaka 1907, Doyle alimkuta ameketi akisoma gazeti, amelisogeza karibu mno na macho yake, tena upande upande. Daktari yule alitambua mara moja ya kuwa macho yale ni mabovu sana. Akajiuliza, mtu wa macho haya angewezaje kuvuka reli na mashamba gizani, amkute mnyama, amkate, arudi nyumbani asionekane? Akayapeleleza mambo yote, akayaandika gazetini, na watu wengi wakaona aibu. Mwaka ule ule wa 1907 serikali ilimpa George msamaha, ijapokuwa haikumlipa fidia, naye akarudishwa katika kazi yake. Tena mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuweka mahakama ya rufani kwa makosa ya jinai, na kesi hii ilikuwa moja ya zile zilizolisukuma jambo hilo. Mtu aliyejizoeza kuandika hadithi za dalili aliona dalili halisi ambayo mahakama nzima ilikuwa imeipita.

Katika miaka ya baadaye waandishi waliona yafaa kuweka sheria, ili msomaji asidanganywe. Mwaka 1929 padre mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye baadaye alifasiri Biblia nzima kwa Kiingereza, alitoa sheria kumi za kuandika hadithi hizi. Kati yake tutataja zile zifaazo kwa shule. Mwenye kosa hana budi kutajwa mapema katika hadithi, asije akazuka mwishoni. Mambo ya mizimu na miujiza yasitumiwe kuwa jibu. Mpelelezi asisaidiwe na bahati. Dalili yo yote aionayo mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Padre yule mwenyewe aliandika nusu kwa mzaha, lakini ndani ya mzaha mna haki. Mwandishi amheshimu msomaji kama hakimu mwema amheshimuvyo mshtakiwa: hafichi ushahidi.

Katika lugha yetu ya Kiswahili hadithi hizi zilichelewa kidogo, kisha zikaja kwa nguvu. Mwaka 1929 vilichapwa vitabu kama Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya shule. Humo mna siri na safari, ila upelelezi ni haba. Ndipo akatokea Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa magazeti, aliyezaliwa Makunduchi katika Unguja mwaka 1918. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikachapwa mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja aonekana amekufa penye mzimu, na wengi wako tayari kusema ya kuwa mizimu ndiyo iliyomwua. Bwana Msa, mtu mpole mwenye kiko, hakubali. Atafuta mkono wa binadamu, naye aupata. Abdulla aliendelea kumwandika Bwana Msa na rafiki yake Najum katika vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 na Siri ya Sifuri cha mwaka 1974. Na mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na waandishi wengine wengi wakafuata njia hiyo. Tazameni basi: kitabu cha kwanza cha namna hii katika Kiswahili chaanza palepale kijiji kianzapo, penye neno "ni mizimu," kisha chauliza, "Je, ni kweli?"

Sasa twaingia katika kazi ya darasani. Katika kusoma, twashauri mwalimu asiisome hadithi moja kwa moja hata mwisho. Asimame mahali patatu au panne. Kila asimamapo, watoto wachore mistari katika daftari zao kufanya safu tatu. Katika safu ya kwanza waandike mambo yaliyoonekana kwa macho. Katika ya pili waandike mambo yaliyosemwa, na jina la msemaji kando yake. Katika ya tatu waandike mambo wanayoyadhani wao. Mwanzoni watoto huchanganya. Huandika katika safu ya kwanza, "Juma ni mwizi," na mwalimu huuliza, "Nani amemwona akiiba?" Hapana. "Basi lihamishe." Neno lile lahamishwa kwenda safu ya pili, na ikionekana ya kuwa hata hapo hapana aliyelisema, lahamishwa tena kwenda ya tatu. Mtoto akilihamisha neno kwa kalamu yake mara ishirini, atajifunza kulihamisha kwa akili yake hata asipokuwa na daftari.

Katika kuandika, siri yake ni kuanza mwisho. Mtoto asianze na maiti wala na mlango uliovunjwa. Aanze na ukweli wote, nani alifanya, lini, kwa njia gani, na kwa sababu gani. Kisha ajiulize, "Jambo hili liliacha alama gani?" Baada ya hapo ndipo aifiche kweli na kuzitawanya alama.

Tutatoa mfano mdogo wa kutungwa. Tuseme mfuko wa karanga za mbegu umepotea katika ghala ya shule. Ghala ina sakafu ya saruji, na uani ni udongo mwekundu. Mvua ilianza kunyesha magharibi, ikaendelea hata jogoo la kwanza. Asubuhi ghala yafunguliwa: mfuko haupo. Watu wote wamtaja Musa, kwa sababu mwaka uliopita aliiba maembe. Musa ajibu ya kuwa tangu adhuhuri mpaka usiku alikuwa zahanati na mama yake, na mganga ashuhudia. Mpishi, mwenye ufunguo, asema, "Mimi niliingia ghalani usiku, mvua ikinyesha, kutazama kama paa lavuja, na mfuko niliuona upo." Mwalimu atazama sakafu. Ni kavu, safi, haina tope wala alama ya mguu, na tangu jana mchana hakuna aliyeifagia. Basi, nani amesema uwongo?

Msomaji ameona. Mtu aliyeingia wakati wa mvua angeacha tope. Kwa kuwa hakuna tope, hakuna aliyeingia tangu magharibi. Kwa hiyo mfuko uliondoka mchana, kabla ya mvua, wakati Musa alipokuwa zahanati. Na neno la mpishi haliwezi kuwa kweli. Mtoto aliyeandika hivi alianza na mpishi mwenye deni la dukani, akiuchukua mfuko saa tisa za mchana. Kisha akafikiri mpishi atadanganya namna gani ili wizi uonekane ni wa usiku. Uwongo ule wenyewe ukawa dalili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hana budi awepo mtu wa kuifuata hata mwisho wake.

Mwalimu na aangalie mambo mawili. La kwanza, watoto wasitumie majina ya jirani zao wala visa vya kijijini vilivyo vibichi, maana hadithi yaweza kugeuka masingizio, na kalamu huumiza kama ulimi. La pili, damu isipendwe kwa ajili yake yenyewe. Kisa cha jembe lililopotea chaweza kuwa na akili nyingi kuliko kisa cha maiti kumi. Mtoto asifiwe kwa dalili aliyoipanga vema, asisifiwe kwa kutisha.

Twamrudia sasa mzazi. Methali yasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Wazee walikuwa na maana yao, nayo ni kutuonya tusidharau habari. Lakini methali hii ikitumiwa na watu wenye hasira, yaua. Katika Usukuma na nchi za jirani, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na neno lililotajwa mara nyingi juu yao ni kuwa macho yao ni mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, angekuwa na macho ya namna gani? Hapo watu waliiona alama kwa macho yao. Hawakudanganyika katika kuona. Walidanganyika katika kufasiri, kwa kuwa hapakuwapo mtu wa kuuliza, "Kuna nini kingine kiwezacho kulieleza jambo hili?" Mwavi ulikatazwa zamani, lakini roho ya mwavi yaishi mahali po pote ambapo watu huchukua ishara mahali pa ushahidi.

Basi tukiwasomesha watoto habari za Danieli, na za Dupin, na za Bwana Msa, hatuwafundishi wizi wala uuaji. Twawafundisha maswali matatu: Nani aliona? Aliona nini kwa macho yake mwenyewe? Na jambo lile laweza kuelezwa kwa njia nyingine? Siku moja mtoto huyu atakuwa mtu mzima, ameketi barazani, na jina la mtu fulani litatajwa, na sauti zitaanza kupanda. Hapo hatakuwa na daftari wala safu tatu. Lakini kama tumemfundisha vema, atainua mkono, ataomba ruhusa ya wazee, naye atauliza swali la kwanza.